Kichwa cha Mkwawa na Jogoo wa Matanga

(Maneno haya niliyasema Iringa mbele ya walimu, wazee waalikwa na wanafunzi wanaoanza masomo ya anthropolojia. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke. Matusi nimeyaacha yalivyo.)

Wakubwa, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Kabla sijafungua daftari, naomba Wahehe waliomo humu wanyooshe mikono. Loo, mmejaa. Basi aliyekuja na mbwa wake amfunge mbali na jiko, maana nimepita jikoni nikaambiwa nyama ya mchana haitoshi, na nyinyi nawajua.

Mmecheka. Mzee wa safu ya mbele amenijibu, na wa nyuma hamkumsikia, kwa hiyo namrudia kwa sauti: "Mngoni, panya wameisha kwenu Songea, ndiyo maana umepanda basi?" Nimekusikia, mzee wangu. Wameisha kweli. Aliyewamaliza ni shemeji yako.

Sasa mwangalieni binti aliyekaa karibu na dirisha. Yeye hakucheka. Aliniambia mlangoni kwamba ametoka Pemba na hii ni wiki yake ya kwanza bara. Amemgeukia jirani yake na uso wa mtu anayeuliza: mgeni kaalikwa, kapewa maji ya kunywa, kasimama anawatukana wenyeji wake, na mbona hakuna anayemtoa nje? Binti, lishike swali hilo. Kuna watu wamepatia uprofesa hapo.

Nimeombwa nizungumzie jinsi anthropolojia na sayansi zinavyotusaidia kuuelewa utamaduni, wetu na wa wenzetu. Mada pana kama Ziwa Nyasa. Nikisema niivuke yote kwa makasia tutalala humu. Nitaingia kijito kimoja tu, utani, kwa sababu ndiyo elimu niliyofundishwa kwa kofi kabla sijajua kusoma vizuri.

Nilikuwa na miaka tisa babu yangu alipofariki, kijijini, mwendo wa kutwa kwa miguu kutoka Songea mjini. Nyumba ilijaa vilio. Mara akaingia mzee Mhehe aliyekuwa akiuza chumvi na vyombo vya bati pale kijijini, mtu wa huku kwenu aliyeoa kwetu akakaa. Akapita katikati ya wanawake waliokaa chini mpaka chumbani, akatoka amevaa koti la babu. Lile lile la kanisani. Mkononi ana fimbo ya babu. Akaanza kutembea kama babu, mguu wa kushoto ukiburuta, akikohoa kama babu, akidai ugoro kama babu: "Nani kachukua ugoro wangu? Watoto wezi nyie kama mama zenu!" Shangazi zangu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatiririka. Mimi nikaokota jiwe.

Jiwe halikumpata sawasawa, lilimparuza begani. Kofi la shangazi ndilo lililonipata sawasawa. "Huyo ni mtani!" Maelezo yote yalikuwa hayo. Kwake neno hilo lilitosha, kama vile mtu anavyoweza kukwambia "huyo ni daktari" ukishtuka kuona mtu anampasua mwenzake tumbo.

Siku ya kuzika, mzee yule alikuwa wa kwanza kushika jembe. Kaburi lilipokamilika akaingia ndani, akalala chali, akakunja mikono kifuani, akagoma kutoka. Marehemu ana deni lake, akasema. Jogoo. Bila jogoo hapaziki mtu hapa. Baba zangu wadogo wakambembeleza, wakamtolea noti, akaitazama noti kama mtu anayetazama kinyesi cha mbuzi. Ikabidi jogoo akamatwe. Ndipo alipotoka, akipangusa udongo kwenye lile koti, na babu akazikwa. Deni la jogoo halijawahi kuwepo. Au labda lilikuwepo. Kwa mtani haina tofauti.

Kama ungekuwa mgeni mwenye daftari na kalamu, ungeandika nini siku ile? Jirani alichukua nguo za marehemu bila ruhusa. Akamdhihaki mbele ya wafiwa. Akazuia mazishi mpaka akalipwa. Kila sentensi ni kweli, na ripoti nzima ni uongo.

Mwaka 1940 Mwingereza mmoja, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika makala juu ya jambo hili, na wanafunzi wa anthropolojia wanaisoma mpaka leo. Alisema utani ni uhusiano wa watu wawili ambao desturi inamruhusu mmoja, na mara nyingine inamlazimu, amfanyie mwenzake mzaha, na huyo mwenzake analazimika asikasirike. Sikilizeni hilo la mwisho. Watu wengi wakieleza utani hueleza ruhusa ya mtukanaji. Mzigo mzito hasa ni wa mtukanwaji, ambaye hana ruhusa ya kununa.

Hoja yake ilikuwa hivi. Kuna watu ambao jambo moja limewaunganisha na jambo jingine limewatenganisha, na mvutano huo hauondoki. Njia ya kwanza ya kuishi nao ni heshima ya mbali. Waliooa humu wanajua habari za mama mkwe: unamwona anakuja, unashuka njia, huli naye sahani moja, ukikohoa unakohoa kwa adabu. Njia ya pili ni mzaha: shemeji, binamu, babu na mjukuu. Babu anamwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", bibi anamlalamikia mjukuu wa kiume kwamba ni mume gani huyu asiyeleta hata kipande cha sabuni. Ukimtania mama mkwe umeharibu. Ukimnyamazia shemeji umeharibu vilevile, atauliza nyumba nzima amekukosea nini. Ukitazama juujuu, kumkwepa mtu na kumtukana ni vitu viwili vilivyo mbalimbali kama mashariki na magharibi. Radcliffe-Brown aliona ni dawa mbili za ugonjwa mmoja.

Sasa kutoka ndani ya ukoo nendeni mpaka kwenye makabila. Mababu zetu Wangoni walitoka kusini, wakati wa vita vya enzi za Shaka, mfalme wa Wazulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kuzunguka sana wakafika Ungoni. Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880 wakakutana na Wahehe, wakapigana. Ukiwauliza wazee wa Songea nani alishinda utaambiwa, na ukiuliza hapa utaambiwa pia, ila jibu si moja. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemmaliza mwenzake. Na watu walioshindwa kumalizana, wasiohama wala wasio ndugu, lazima watafute namna ya kukutana njiani.

Wanyamwezi na Wazaramo wana habari nyingine. Hao utani wao huelezwa kwa misafara, wakati wapagazi kwa maelfu walipoteremka na pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, miezi njiani. Mtu wa msafara anahitaji maji katika nchi ya watu, anahitaji pa kulala, na akifa anahitaji mtu wa kumzika ambaye hatauliza huyu wa nani. Wachaga na Wapare, majirani wa milima, wanaendeleza utani wao hadi kwenye daladala. Mchaga akifa, Wapare wanasema, mdondoshee sarafu karibu na sikio, asiposhtuka, kazikeni. Na Mpare, Wachaga wanajibu, atauza ng'ombe kumi ashinde kesi ya kuku mmoja.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuyaandika haya kwa uangalifu hakuwa mwanaanthropolojia kabisa. Aliitwa Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege, aliyefanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara. Kuna ndege mdogo aina ya chozi wa milima yetu anayeitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1944 alichapisha makala ndefu juu ya utani wa makabila ya Tanganyika, kabila hili na lile. Habari hii naipenda mno. Anayesoma ndege hukaa chini ya mti tangu alfajiri akingoja kiumbe kidogo kitoe sauti, halafu hajiulizi kama sauti ni nzuri au mbaya. Anajiuliza inamwita nani na inamfukuza nani. Mtu wa namna hiyo akikutana na matusi hatakimbilia kuhesabu maneno machafu. Atauliza: nani kwa nani?

Na mimi niliyezaliwa ndani ya utani, swali hilo lilinipita. Nimemaliza chuo, nina barua ya utafiti yenye muhuri, nikapanda milima ya Upare. Mzee mmoja akanipokea vizuri, nikawekewa chai na mihogo. Nikataka kumfurahisha. Nikatoa ule mzaha wa ng'ombe kumi na kesi ya kuku, ambao Wachaga wa bwenini kwetu walikuwa wanausema kila siku na Wapare wanaanguka kwa kicheko.

Kimya. Mzee akamwambia mwanawe aondoe kikombe changu, na chai ilikuwa nusu. Kisha akaniuliza taratibu:

"Kijana, wewe ni Mchaga?"

"Hapana, babu. Mngoni."

"Basi umenitukana."

Siku tatu hakuna aliyenijibu zaidi ya salamu. Aliyeniokoa ni Mchaga mmoja mwenye duka pale senta. Alinichukua hadi kwa mzee, akasimama uani, akanitukana mimi kwa niaba ya mwenye nyumba, kwamba huyu ng'ombe wa Songea hajui hata kunywa chai ya watu. Halafu akamgeukia mzee mwenyewe: na wewe bahili, umenyang'anya mtoto kikombe kwa sababu sukari ilikuwa inaisha. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kikombe kikarudi. Tusi langu halikuwa kali kuliko la yule mwenye duka.

Kwa hiyo mkitumwa kijijini mwezi ujao, msiniletee orodha ya maneno. Nileteeni nani kwa nani, na nani akinyamaza inakuwaje.

Maabara nayo ina la kusema, msidhani nimeisahau. Kwa nini shangazi zangu walicheka msibani? Robin Dunbar na wenzake, Uingereza, walichapisha utafiti mwaka 2012. Waliwaonyesha watu video za vichekesho na wengine video zisizochekesha, wakawapima uvumilivu wa maumivu kabla na baada. Njia mojawapo ilikuwa kumvalisha mtu mkononi kifuko kilichogandishwa, kile cha kupozea chupa za mvinyo, waone atastahimili muda gani. Waliocheka kicheko cha tumboni walistahimili zaidi. Maelezo yao ni kwamba kicheko cha pamoja hufungulia endorfini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Endorfini yenyewe hawakuipima, walipima uvumilivu, kwa hiyo tusiwatwishe wasichobeba. Ila nilipousoma utafiti ule, nililiona koti la babu linapita uani.

Mwaka 2024 timu nyingine ilichapisha uchunguzi wa video za sokwe, bonobo, gorila na orangutanu waliofugwa. Wanachokozana. Mmoja anamgusa mwenzake mgongoni kisha anageuka pembeni kama si yeye. Mwingine ananyoosha kitu kama anayetoa, mwenzake akileta mkono anakirudisha. Na baada ya kuchokoza anamwangalia usoni, aone itakuwaje. Watafiti wanakadiria kwamba mzizi wa tabia hii unarudi kwa babu wa pamoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita. Kwa hiyo uchokozi ni wa zamani kuliko Mngoni, kuliko Mhehe, na kuliko mbwa.

Lakini sokwe wa Gombe hajui kwamba sokwe wa Mahale ni mtani wake kwa sababu babu zao walipigana. Hapo baiolojia inatua mzigo, na anthropolojia inaupokea kichwani.

Nitoe mfano wa mbali kidogo. Miaka ya 1960 Richard Lee, mtafiti kutoka Kanada, alikuwa akiishi na wawindaji wa jangwa la Kalahari, Botswana. Sikukuu ya Noeli ikakaribia, akanunua ng'ombe dume, mkubwa, amenona, awashukuru wenyeji wake. Kila aliyekutana naye akamsikitikia: umeuziwa mifupa, tutalala njaa, watu watapigana kwa mchuzi. Siku nyingi za mateso. Ng'ombe alipochinjwa, mafuta yalikuwa unene wa vidole, watu wakala siku mbili, na bado wanamcheka. Baadaye alielezwa. Kijana akiua mnyama mkubwa, wanaidharau nyama yake makusudi, kwa sababu akisifiwa atajiona mkubwa na wengine ni watumishi wake, na siku moja kiburi chake kitaua mtu. Wanaupoza moyo wake. Lee alikuja na hesabu nzuri za vyakula vyao, kilo na kalori, na hesabu zile zina faida hadi leo. Ila habari ya kuupoza moyo hakuipata kwenye mizani. Aliipata kwa kuaibika.

Na kuna jaribio moja ambalo ningetamani lingefanyika kwetu. Nchini Mali utani unafuata majina ya ukoo. Mwenye jina Keïta na mwenye jina Coulibaly wakikutana, hata hawajuani, wataanza kuitana wala maharage. Mwaka 2010 Thad Dunning na Lauren Harrison walichapisha jaribio walilolifanya Bamako. Walirekodi hotuba ya mgombea, mwigizaji yuleyule, maneno yaleyale, kisha wakabadilisha jina la ukoo tu. Kama mgombea ni wa kabila la mtazamaji, alipata alama nzuri, hilo tulilijua. Jipya lilikuwa hili: mgombea wa kabila jingine ambaye jina lake ni la watani wa mtazamaji, alipata alama karibu sawa na mtu wa kabila lake. Jina la utani lilivuka mpaka ambao siasa haivuki kirahisi.

Hapa ndipo watu wetu wa semina wanaponogewa wakasema utani ndio uliotuletea amani Tanzania. Punguzeni kasi. Mali yenye utani wote ule iliingia vitani mwaka 2012, na bado haijatulia. Amani yetu ina Kiswahili ndani yake, ina shule za bweni zilizochanganya watoto, ina sera, ina bahati. Utani umo, sijui ni kijiko au ni sufuria. Anayekwambia anajua kiasi chake anakuuzia kitu.

Na lipo jambo linaniudhi, niliseme maana nimepewa kipaza sauti. Neno hili siku hizi limekuwa kichaka. Bosi anamsema mfagizi maumbile yake mbele za watu, akiulizwa anasema natania. Mwanaume anamshika binti, anasema huyu shemeji. Mtu anaandika mtandaoni matusi ya kabila ambalo si watani wake, akijibiwa anasema Watanzania mmepoteza ucheshi. Jaribuni kipimo cha kijijini: je, mfagizi anaweza kumrudishia bosi palepale, mbele ya watu walewale, na bosi akalazimika kucheka na kesho mfagizi akawa na kazi? Yule mzee Mhehe alilala kaburini mwa babu yangu. Alipokufa yeye, baba yangu alilala kaburini mwake, na alidai beberu.

Hata Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, na miaka yote hiyo hakuna aliyeruhusiwa kununa zaidi ya siku tatu. Nimeona wanaonuna. Hao mila imewapita.

Sasa nifike mahali ambapo nilijua nitafika tangu napanda basi, kwa kuwa tuko Iringa, na haiwezekani kuzungumzia anthropolojia Iringa bila kuzungumzia kichwa.

Mnajua habari kuliko mimi. Mwaka 1891, Lugalo, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliliangamiza jeshi la Wajerumani la Zelewski. Mwaka 1898, akikaribia kukamatwa, alijiua kwa risasi, na Wajerumani wakakichukua kichwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kichwa hicho kikaingia hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246: Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa. Halikurudi. Mwaka 1953 gavana Edward Twining akaenda makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu kama 2,000, ambayo 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akatumia vipimo. Aliyachagua yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai, na ndani ya hayo akachukua lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likaletwa, na sasa liko Kalenga, kwenye makumbusho.

Mafuvu yale yalikuwa yanafanya nini Ulaya? Yalikwenda kwa jina la elimu hii yetu. Ndiyo, hii mnayoisomea. Kulikuwa na wataalamu walioamini kwamba ukipima urefu na upana wa kichwa utajua kabila, akili na cheo cha mtu katika ubinadamu, na makoloni yaliwapelekea vichwa kwa masanduku. Tusiwaambie wanafunzi kwamba hao walikuwa watu wa pembeni wasio wasomi. Walikuwa maprofesa, walikuwa na takwimu, vyombo vyao vilikuwa vya chuma safi.

Aliyewaharibia alipima zaidi yao. Franz Boas, Mjerumani aliyehamia Marekani, alipima vichwa vya wahamiaji na watoto wao, karibu watu 18,000, na matokeo yakatoka mwanzoni mwa miaka ya 1910. Akaona watoto waliozaliwa Marekani wana umbo la kichwa lililoachana na la wazazi wao waliozaliwa Ulaya. Kitu kilichodhaniwa hakibadiliki kilibadilika ndani ya kizazi kimoja. Wataalamu wa karne hii wamezirudia takwimu zake wakabishana mabadiliko yalikuwa makubwa kiasi gani, na ubishi huo ni afya. Mimi kinachonishangaza ni kwamba zaidi ya miaka 40 baadaye gavana wa Tanganyika bado anachagua fuvu la mtawala kwa rula.

Siku hizi kuna vinasaba. Berlin wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi yao ya Rwanda, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba moja vinasaba vyake vimelingana na vya jamaa walio hai wa Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi. Meli alinyongwa mwaka 1900, na kichwa chake bado ukoo wake unakitafuta. Tazameni mzunguko huo: sayansi ilivipeleka, sayansi inavitambua, lakini haikuanza yenyewe. Ilianza kwa wajukuu waliogoma kunyamaza.

Na sisi Wangoni tuna wa kwetu. Mwaka 1906, baada ya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wetu kwa makumi pale Songea. Nduna Songea Mbano ni mmoja wao, mji umebeba jina lake, na familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kutafuta. Kinatafutwa.

Jana nilikwenda Kalenga. Nimekwenda mara nyingi, lakini jana nilimkuta nje ya makumbusho mzee mmoja anauza karanga, akasikia lafudhi yangu.

"Mngoni wewe."

"Mngoni, babu."

"Umekuja kuangalia kichwa cha mwanaume. Cha mkubwa wenu kiko wapi?"

Nimetaniwa miaka hamsini, sijawahi kutaniwa namna ile. Nilisikia baridi. Kisha nikakumbuka mimi ni nani kwa nani, nikamjibu kwa silaha niliyokuwa nayo. Nikamwambia habari ya Bremen, mafuvu 84, rula ya gavana, tundu la risasi. Nikamwambia, babu, hata hicho chenu mna hakika gani ni chenyewe? Yawezekana mnamsujudia mpagazi wa watu.

Akamenya karanga, akala mbili.

"Hatukukichagua sisi," akasema. "Sisi tulikipokea. Na kingekuwa cha Mngoni kingeshaomba ugali."

Nikacheka, maana nilikuwa nalazimika, na nikacheka tena, safari hii bila kulazimishwa. Nikanunua karanga za elfu moja, akanipa za mia tano, akasema zilizobaki ni kodi ya kupita. Nilipokuwa nageuka kwenda barabarani akaniita.

"Wewe. Kikipatikana cha kwenu mtanipigia simu."

Nikamuuliza cha nini, babu.

"Nije nizike. Nitalala mle kaburini, na safari hii sitoki kwa jogoo. Waambie waandae ng'ombe."